Nakala ya Tatu

Zijada aliagiza nakala mbili, zikaja tatu.

Alikuwa ameketi kwenye dawati lake, ghorofa ya juu ya nyumba ya kina Senahid, kahawa ikipoa pembeni. Kazi ilikuwa imekwenda vizuri. Zahanati moja ya macho hapo Tuzla ilitaka kanzidata ya wagonjwa wake, na ilitaka seva zikae mjini humo humo, si katika nchi za watu. Senahid, mwenye kampuni, akanunua seva, wakazipanga chini kabisa ya nyumba, katika ghala ambamo babu yake alikuwa akiweka chumvi na mapipa ya kabichi. Zijada akaziunga ziwe kundi moja, kisha akaweka juu yake msimamizi. Huyo msimamizi si mtu, ni programu. Unamwandikia unachotaka: kanzidata ya namna gani, nakala ngapi, diski kubwa kiasi gani, mmiliki nani. Yeye anaziumba nakala, kila moja ndani ya kontena lake, kama chumba kilichofungwa, halafu anakaa macho. Ikifa moja, anafufua nyingine. Ukigusa kitu kwa mlango wa nyuma, anakirudisha kilivyoandikwa. Hachoki, na hakuulizi kwa nini.

Sasa kwenye skrini kulikuwa na nakala ya kwanza na ya pili, zote zinawaka kijani, kila moja na namba yake mwishoni mwa jina. Chini yake kulikuwa na ya tatu. Hiyo haikuwa na namba. Iliitwa *rukija*.

Zijada alicheka. Rukija lilikuwa jina la marehemu mama yake, na alijua limeingiaje humo. Alipokuwa akiandika maagizo ya msimamizi, Senahid alisimama nyuma ya kiti chake.

"Pale kwenye mmiliki unaweka nini?" aliuliza.

"Jina la kampuni, kama siku zote."

"Achana na kampuni. Weka lako."

"Langu? Kwani umenigawia hisa leo?"

"Zijo, mimi sitanii. Miaka yote unahangaika wewe, halafu shukrani naletewa mimi. Hii iwe yako. Na weka la mama Rukija pia. Yule mama alisimama kwenye kiwanda cha chumvi mpaka miguu ikamvimba ili usome. Naye awemo."

Walikuwa marafiki tangu darasa la kwanza, yeye na Senahid. Zijada aligeuza uso ili asionekane anafuta macho, akaandika: *zijada-rukija*. Siku hiyo alitembea kurudi nyumbani akijiona mrefu.

Kwa hiyo ile nakala ya tatu aliichukulia kuwa hitilafu tu. Msimamizi amelichukua jina la mmiliki akaliweka pasipo pake. Akaifuta. Ikatoweka. Kabla hajanyanyua kikombe, ikarudi, kijani kibichi. Akaifuta tena. Ikarudi. Akapekua maagizo mstari kwa mstari: nakala mbili, imeandikwa mbili. Na hapo ndipo harufu ilipopanda ngazi ikaingia chumbani, harufu ya chumvi yenye unyevu na nywele zilizoungua.

"Mevlida!" aliita. "Umeacha kitu jikoni?"

Mevlida, mke wa Senahid, alichungulia mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. "Sijawasha jiko," alisema, na akaondoka haraka bila kumtazama.

Zijada akaamua ateremke kuziangalia seva. Ulikuwa mchana, ila moshi wa makaa ya mawe ulikuwa umeuziba mji wote na madirisha yalikuwa ya kijivu kama maji ya kuoshea vyombo. Ngazi za nyumba ile zimelala upande. Mtaa mzima umezama kidogo kidogo tangu chumvi ifyonzwe chini yake, na wenyeji wamezoea kushuka wakiegemea ukuta. Akashuka hivyo, kiganja ukutani, na ukuta ulikuwa na joto.

Akasimama kwenye ngazi ya mwisho, akabonyeza swichi, na taa ilipowaka akaziona seva zimekaa kama alivyoziacha, lakini feni zake, ambazo kila moja huzunguka kwa mwendo wake, zilikuwa zikivuta pamoja na kutoa pamoja, zikivuta na kutoa, kama kifua cha mtu mnene aliyelala chali, na kila zilipotoa, upepo wa moto ukamfikia usoni na harufu ile ile, na nyuma ya seva, pale ukutani ambapo chumvi ilikuwa imechomoza kama ukungu mweupe, palikuwa na alama ya mtu aliyeegemea, kichwa, mabega, miguu mirefu, na nyayo zilizoelekea nyuma, na kutoka hapo, taratibu, kwa sauti ya mama yake, ambayo hakuwa ameisikia tangu afe, mtu akasema:

"Zijo. Njoo ule, mwanangu. Chakula kinapoa."

Mdomo wa Zijada ulikuwa umeshafunguka kuitika. Aliufunga kwa mkono. Hakukumbuka alivyopanda ngazi.

Senahid alikuwa juu, ameshika kitasa cha mlango. "Umesikia nini?" alimuuliza.

"Tuzihamishe seva, Senahid. Leo. Nitakueleza baadaye, tuzihamishe kwanza."

"Tuzipeleke wapi? Zahanati inaanza kuingiza wagonjwa karibuni. Umechoka, dada yangu. Umefanya kazi kama punda. Nenda kalale, hiyo nakala nitaiangalia mimi."

Alimsindikiza mpaka nje, akamfunga skafu shingoni kama anavyomfunga mtoto wake. Zijada akaenda akalala.

Kusahau kulianza na vitu vidogo. Alisahau namba ya siri ya simu yake, halafu jina la jirani wa mlango wa pili. Siku moja alisimama kwenye taa za barabarani karibu na kwake, watu wakavuka, wakavuka wengine, naye hajui aende kushoto au kulia. Mkate ukawa na ladha ya chumvi mdomoni. Nywele zikabaki kwenye mto. Aliwaza ni uchovu, akameza vidonge, akaendelea kwenda kazini, na Mevlida akaendelea kumletea pita, mkate uliojazwa viazi, kwenye sahani iliyofunikwa, akiiweka mezani na kutoka mbio kama aliyeshika kaa la moto.

Kisha asubuhi moja, akiwa nyumbani kwake anavaa koti, aliona ukutani picha ya mwanamke mwenye kilemba, anacheka. Akaitazama kwa muda. Akajiuliza: nani huyu, na nani ameingia akaniwekea picha yake?

Jina lilikuwa limeandikwa chini ya fremu: Rukija. Alipolisoma, akakaa sakafuni na koti lake.

Siku hiyo alifika kazini akaenda moja kwa moja kwenye nakala ya tatu. Zahanati ilikuwa haijaingiza hata mgonjwa mmoja, lakini diski ya *rukija* ilikuwa imejaa karibu nusu. Hakuwa amewahi kuifungua. Alikuwa akiifuta tu. Sasa akaifungua. Ndani kulikuwa na jedwali moja, safu juu ya safu.

*Rukija anavua viatu mlangoni, chumvi inamwagika, Zijo anaichora kwa kidole.*

*Rukija anamsuka Zijo. Anavuta sana. Zijo analia.*

*Rukija hospitalini. Anasema usiku umekuwa mrefu. Zijo anamshika mguu.*

Alizisoma kama mtu anayesoma habari za ukoo wa watu wengine. Hakuna hata moja aliyoikumbuka. Na alipokuwa bado anasoma, safu mpya ikaongezeka chini, yenyewe:

*Zijo anasoma haya. Anaogopa.*

Bibi Umihana alikaa ghorofa ya nne kwenye yale majengo marefu ya zamani, lifti mbovu, na Zijada alipanda akipumzika kila kona kama kikongwe. Aliona haya. Alikuwa mhandisi, na sasa anamgongea mlango mwagaji wa risasi, mganga anayeyeyusha madini hayo na kuyasoma. Bibi alimfungulia akiwa na ndara na sweta, televisheni nyuma yake inaonyesha tamthilia bila sauti.

"Ingia, ingia, utaniingizia baridi. Ee Mola, umekonda kama mwiko! Una mume?"

"Sina, bibi."

"Basi si yeye aliyekukondesha. Kaa."

Alimfunika shuka jekundu kichwani. Zijada alisikia moto wa gesi, akasikia Bibi akisoma chini chini, kisha risasi iliyoyeyuka ikamiminwa ndani ya bakuli la maji juu ya kichwa chake, ikapiga kelele. Ikamiminwa juu ya moyo, ikapiga kelele zaidi. Ilipomiminwa juu ya miguu haikulia kabisa. Bibi akaacha kusoma.

Alipotoa shuka, mzaha wote ulikuwa umemtoka usoni. Bakulini, risasi haikuwa na vipande vipande kama kawaida. Ilikuwa bonge moja laini, na juu yake kama alama ya midomo.

"Hii hukuikanyaga njiani, mwanangu," alisema polepole. "Hii umepewa. Kuna mahali jina lako na la mama yako yameandikwa pamoja, na yanasomwa, hayakomi kusomwa. Nani aliyaandika?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa mkono wako?"

"Ndiyo, bibi."

"Na kwa akili yako?"

Zijada alifungua mdomo aseme ndiyo. Akaona tena mkono wa Senahid juu ya mgongo wa kiti. Akasikia, naye awemo.

"Sikuulizi jina lake," Bibi alisema. "Naona unalijua."

Kwenye televisheni mtu alikuwa akilia bila sauti.

"Nitalifuta," Zijada alisema mwishoni. "Nitazima mashine zote."

"Mashine ni mdomo tu. Ukiufunga, jina limeshasikika. Ukilifuta jina, sawa, wewe utapona, hutapata kilicholiwa lakini utapona. Ila jini wa nyumba hakai na njaa. Atarudi kwa aliyekuwa naye kabla yako. Alikuwa kwa nani?"

Hapo ndipo Zijada alipokumbuka. Sumeja, mtoto wa Senahid. Kabla seva hazijawekwa, Sumeja aliugua. Alikuwa hamjui mama yake, akiita kijiko jina la paka, akilala hospitalini madaktari wakimzunguka bila jibu. Halafu asubuhi moja aliamka akaomba mkate na jamu. Zijada alikimbia mpaka kwao na sinia la matufaha ya sukari, wakalia wote kwa furaha, Senahid akamkumbatia akashindwa kusema. Ilikuwa siku ya pili baada ya kuandika lile jina. Na Zijada ndiye aliyemkata Sumeja nywele za kwanza. Kwao, anayekata nywele hizo ni ndugu kuliko ndugu. Akamweleza Bibi yote, habari za mtoto na za ile nyumba.

"Anatokaje, bibi? Atoke kwa wote."

"Kwa wote hawezi. Kwa mmoja anaweza kukomea. Wazee wa nyumba ile ndio waliomfungulia mlango, basi mwenye nyumba ajitaje mwenyewe, jina lake na la mama yake, kwa mkono wake. Wewe huwezi kumwandikia. Akishampata mwenye nyumba, hana tena wa kumfuata. Atakaa naye mpaka mmoja wao aishe."

Kesho yake Zijada hakugonga. Aliingia, akapanda juu, akawakuta Senahid na Mevlida kwenye chumba cha kazi. Sumeja alisikika ukumbini akimwimbia mwanasesere.

"Uliniambia niandike jina la mama yangu," Zijada alisema.

Senahid hakuuliza unasema nini. Alikaa chini. "Alikuwa hanijui, Zijo. Aliniita 'mjomba.' Mtoto wangu."

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

"Sijui. Na sasa sitajua kamwe, kwa sababu hukuniuliza. Ulinipamba. Ulinisifia mama yangu mpaka nikalia, ili mkono wangu uandike." Sauti yake haikupanda. "Kwa nini mimi? Mji huu una watu wangapi?"

Senahid akaanza kuzipanga karatasi za mezani.

"Sema."

"Nilijiuliza nani... nani ataumia, ukipotea taratibu. Mume huna. Mtoto huna. Mama ameshakwenda. Nikasema hakuna atakayebaki analia."

Zijada alisimama akiwa ameshika ukingo wa dawati. Yote mengine aliyasikia akiwa amejiandaa. Hilo hakuwa amejiandaa nalo.

"Nilidhani nina ninyi," alisema.

Mevlida akaanza kulia. "Nilijua tangu mwanzo. Nilikuwa nakupikia najua. Nisamehe, dada Zijada, nilikuwa naona unakonda na nakupikia najua."

Zijada alifungua kompyuta yake, akayatoa maagizo ya msimamizi, akaigeuza ili wote waone. "Nafuta langu. Pale patakuwa wazi. Utajaza wewe, lako na la mama yako Devleta."

"Subiri! Zijo, subiri, akirudi kwa mtoto..."

"Basi jaza haraka."

Akafuta, akahifadhi. Kwenye skrini nakala iliyoitwa *rukija* ikawa nyekundu, ikazimika, na haikurudi. Chini ya nyumba feni zikanyamaza zote kwa mpigo, na kimya kikapanda ngazi, kikaingia chumbani, kikakaa. Senahid alivuta kompyuta kwake. Vidole vilikuwa juu ya vitufe, havishuki.

Kisha kutoka chini, kwa sauti tamu, ya kawaida kabisa, Mevlida akaita: "Sumeja! Njoo, mama, njoo nikuonyeshe kitu."

Mevlida alikuwa amesimama mbele yao, mkono mdomoni, hajasema neno.

"Nakuja, mama!" Sumeja aliitika ukumbini, na viatu vyake vikasikika vikikimbilia ngazi.

Mevlida akatoka kama aliyesukumwa, akipiga kelele jina la mtoto, na sauti ya chini ikapiga kelele jina lile lile kwa sauti ile ile, moja ikisema rudi na nyingine ikisema njoo, mpaka asingejua mtu mama ni yupi, na Senahid akaandika, akabonyeza, msimamizi akakataa, akaandika tena jasho likidondoka kwenye vitufe, msimamizi akakataa, na Zijada, ambaye alikuwa ameapa moyoni kutomsaidia kwa lolote, akajikuta anapaza sauti: "Herufi ndogo! Hapokei herufi kubwa! Na usiache nafasi, weka kistari!"

*senahid-devleta*.

Msimamizi akapokea. Nakala ya tatu ikachomoza, kijani, jina lake *devleta*. Senahid alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, akashika kifua, akabaki ametazama ukuta. Chini feni zikaanza tena, pamoja, zikivuta na kutoa.

Sumeja walimkuta amekaa kwenye ngazi, pale giza la ghala linapoanzia, kiatu kimoja kimemtoka. "Mama, mbona umenivuta?" alimuuliza Mevlida. "Ulikuwa unaniita kule."

Zijada alipita pembeni yao, akatoka nje kwenye moshi.

Hakurudi tena. Kanzidata ya zahanati aliijenga upya kwenye seva za mahali pengine, kwa jina la zahanati yenyewe, na nakala zikaja mbili, kama alivyoagiza. Nywele zikaota. Mkate ukawa mkate. Ila mama yake hakurudi. Yaliyokuwa ndani ya ile nakala yalikufa nayo. Anachojua kuhusu Rukija ni kile alichosimuliwa na mashangazi, na picha ukutani anaitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni mwema.

Kipindi chote cha baridi alikuwa akipanga maneno ya kumwambia Senahid. Alikuwa akiyapanga anapokosha vyombo, anapongoja basi, akiyachambua, akiyanoa. Alitaka aombwe msamaha, ili aukatae.

Walikutana kiangazi, kwenye maziwa ya maji ya chumvi katikati ya mji, watu wamejaa, watoto wanarushiana maji. Senahid ndiye aliyemwona kwanza. Alikuja anakimbia mchangani, miguu mitupu, amefungua mikono.

"Zijo! Wewe mwanamke, umetutupa! Nimemuuliza Mevlida mpaka nimechoka, anasema una kazi. Kazi gani hiyo?" Alimkumbatia kwa nguvu, akamsukuma nyuma kidogo amtazame. "Mbona umesimama hivyo? Niambie ukweli, dada yangu. Nimekukosea? Kama nimekukosea niambie, nikuombe radhi hapa hapa mbele za watu."

Zijada alimtazama usoni. Aliutafuta uongo, hakuuona. Uso ulikuwa mweupe, msafi, kama sahani iliyooshwa. Nyuma yake Mevlida alikuwa amesimama na taulo, akitikisa kichwa kidogo sana, macho yamejaa, na Sumeja amemshika mkono, analamba aiskrimu.

Maneno yote aliyoyapanga wakati wa baridi yalikuwa tayari. Hapakuwa na mtu wa kuambiwa. Aliyemtenda alikuwa ameshaliwa, na kumbukumbu ya ubaya ule amebaki nayo Zijada peke yake, yote, haina hata neno moja lililopotea.

"Hujanikosea, kaka," alisema. "Ni kazi tu."

Senahid alishusha pumzi, akacheka kwa sauti, akamvuta mkono kuelekea walipotandika, akimwita kila mtu aje amwone Zijo, akimpisha akae kivulini, mwepesi wa moyo kama mtu ambaye hajawahi kumfanyia yeyote ubaya.